Kanivali Inayotengenezwa na Watu Wenyewe: Mwongozo Kutoka Warsha Hadi Barabarani

Zipo kanivali ambazo mavazi yake huagizwa, wachezaji hulipwa, na wananchi husimama nyuma ya kamba wakipiga picha. Mwongozo huu unahusu kanivali ya namna nyingine. Humo, watu wanaopita barabarani ndio walioshona mabawa wanayoyavaa, ndio waliokunja waya wa kichwa cha samaki wanachokibeba, na ndio waliofanya mazoezi ya ngoma inayowatembeza. Kwangu mimi, warsha ndizo moyo wa kazi hii. Watu wasiofahamiana hukaa meza moja wiki baada ya wiki, gundi mikononi, na huzungumza mambo ambayo hakuna mkutano ungeyafungua. Siku ya msafara huonyesha hadharani kile kilichojengeka humo. Kwa hiyo kila uamuzi hapa chini upime kwa swali hili: unawaongezea watu nafasi ya kutengeneza na kuamua, au unawapunguzia?

Hatua ya 1: Kundi dogo, tarehe na vibali

Anza angalau miezi sita kabla. Unahitaji watu watano hadi saba wa kuisukuma kazi, na kila mmoja apewe jukumu linalojulikana: msanii kiongozi, mtu wa muziki, mtu wa vibali na usalama, mshika fedha, na mmoja ambaye kazi yake ni kuzungumza na vikundi vya mtaani tu. Huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika mara nyingi. Bila yeye, warsha zitajaa watu walewale ambao tayari wanapenda sanaa, na wengine watasikia habari siku ya kanivali yenyewe.

Maombi ya kufunga barabara yapeleke mapema sana, kabla hata mada haijapatikana. Zungumza na mamlaka ya eneo, polisi, zimamoto na watoa huduma ya kwanza, na uulize kuhusu bima. Usitangaze tarehe kabla hujapata jibu la maandishi.

Kuhusu fedha nina msimamo mmoja. Kushiriki kuwe bure, na wasanii wanaofundisha walipwe. Msanii anayeombwa kujitolea kwa miezi mitatu huondoka katikati apatapo kazi ya kulipwa, na hawezi kulaumiwa.

Hatua ya 2: Mada itoke kwa watu

Mada mbaya huua kanivali kabla karatasi ya kwanza haijachanwa. Itisha mikutano miwili au mitatu ya wazi, sehemu tofauti na saa tofauti, ili mwenye zamu ya usiku naye apate nafasi. Usiulize "mnataka mada gani?" Uliza swali linalogusa maisha: ni kitu gani mtaani kwenu mnakiogopa, na kipi mngependa kukisherehekea? Andika majibu yote ukutani, kisha tafuta picha inayoweza kuyabeba mengi kwa pamoja.

Mada nzuri inachoreka, na ina nafasi ya furaha na ya uchungu. "Maji" inafaa: mmoja atatengeneza mvua, mwingine ndoo tupu, mwingine mnyama wa mtoni. "Ndege wahamao" inafaa, hasa palipo na watu waliotoka mbali. "Maendeleo endelevu" haifai, kwa kuwa haina umbo ambalo mtoto anaweza kulichora.

Mjini Minneapolis, Marekani, maandamano ya sherehe ya MayDay (Mei Mosi) yalianza mwaka 1975 na yakaandaliwa kwa miongo mingi na kikundi cha vikaragosi cha In the Heart of the Beast. Utaratibu wao ulikuwa wa namna hii: mazungumzo na jamii kwanza, mada itoke humo, kisha warsha za wazi katika wiki za kuelekea siku yenyewe. Mpangilio huo ufuate ulivyo. Ukianza na michoro iliyokamilika ya msanii mmoja, wanaokuja warshani watakuwa vibarua wa wazo la mtu mwingine, na watalihisi hilo siku ya kwanza.

Mikutano hiyohiyo ndiyo ikubaliane juu ya masharti ya msafara. Masharti machache makali hukuza ubunifu kuliko uhuru usio na mpaka. Gwaride la Fremont huko Seattle, Marekani, lililoanza mwaka 1989, halina maneno yaliyoandikwa wala nembo, halina magari yenye injini, wala wanyama hai. Zinneke Parade ya Brussels, Ubelgiji, inayofanyika kila baada ya miaka miwili tangu mwaka 2000, nayo inakataa injini, na muziki wake hupigwa papo hapo bila vipaza sauti. Fikiria matokeo yake. Pasipo maneno, ujumbe unalazimika kuwa umbo na mwendo. Pasipo nembo, mfadhili hawezi kugeuza kazi ya watoto kuwa tangazo lake. Na pasipo injini, kila chenye magurudumu kinahitaji watu wa kukisukuma, hivyo wasiopenda kucheza wanapata kazi ya heshima katikati ya msafara. Mimi ningeyachukua masharti yote matatu.

Hatua ya 3: Mahali pa kufanyia kazi

Pima mlango kwanza. Kikaragosi cha mita tatu hakitatoka kwenye mlango wa mita mbili, isipokuwa kimejengwa kwa vipande vinavyofunguka. Kisha angalia maji, mwanga, hewa ya kutosha, vyoo, njia ya mtu wa kiti cha magurudumu, na hasa stoo. Kazi mbichi ya karatasi inahitaji kulala mahali pakavu usiku kucha bila kuhamishwa, na ukumbi unaopaswa kuwa mtupu kila jioni hautakufaa hata ukipewa bure.

Zaidi ya makao hayo makuu, peleka warsha kwa wasioweza kuja: shuleni, kwenye makazi ya wazee, kwenye vituo vya wakimbizi, hospitalini. Sanduku moja la vifaa na wawezeshaji wawili wanatosha. Wanachokitengeneza huko kipewe nafasi inayoonekana kwenye msafara, na wao wapewe viti kando ya njia kama hawawezi kutembea.

Hatua ya 4: Warsha zenyewe

Zifungue wiki nane hadi kumi kabla ya siku, mara mbili au tatu kwa wiki. Saa mbili na nusu kwa kila kipindi zinatosha.

Panga kazi za viwango vitatu kwa wakati mmoja. Pawe na kazi ya dakika ishirini kwa anayepita tu: kukata manyoya, kupaka rangi magamba, kufunga vishada vya utepe. Pawe na kazi ya siku moja au mbili, kama kofia au barakoa. Na pawe na ile ya wiki nyingi, kama kikaragosi kikubwa kinachohitaji timu isiyobadilikabadilika. Vitu vikubwa vibuniwe ili viundwe kwa vipande vidogo vingi. Samaki wa mita sita mwenye magamba mia nne ni samaki wa watu mia nne, na kila mmoja atalitafuta gamba lake siku ya msafara.

Mgeni yeyote aondoke siku ya kwanza akiwa amemaliza kitu, hata kama ni unyoya mmoja. Anayeambiwa "njoo wiki ijayo tuanze" harudi.

Msanii kiongozi ajenge mifupa ya kitu, aonyeshe mbinu mara moja, kisha atulize mikono. Kuna tabia moja ninayoipinga kwa nguvu zote: kubaki baada ya watu kuondoka na "kunyoosha" kazi yao. Mtoto anajua ni wapi brashi yake ilipita. Akirudi na kukuta jicho alilolipaka la zambarau limekuwa jeusi na limelingana na lingine, ataelewa kwamba mkono wake haukutosha. Kama kitu ni dhaifu kimuundo, kiimarishe pamoja na aliyekitengeneza, mbele yake, ukimweleza sababu. Urembo uache ulivyo.

Sasa mbinu. Zipo nyingi, lakini tatu hizi zitabeba sehemu kubwa ya kanivali yoyote.

*Karatasi na uji wa unga.* Ni mbinu hii inayojenga sanamu kubwa za kanivali ya Viareggio nchini Italia, na inafanyika kwa magazeti ya zamani. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano ndani ya kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka huku ukikoroga, acha dakika chache iwe nzito, kisha ipoe. Vijiko viwili vya chumvi vitachelewesha ukungu. Karatasi ichanwe kwa mkono, isikatwe kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanika hujishika vizuri na hauachi mstari. Umbo la ndani laweza kuwa puto, maboksi yaliyobandikwa, au waya uliofunikwa magazeti. Barakoa inahitaji tabaka tatu au nne. Tumia gazeti kwa tabaka moja na karatasi isiyo na maandishi kwa inayofuata, uone palipobaki wazi. Ipe angalau siku nzima kukauka, zaidi kama hewa ni nzito, maana unyevu uliofungiwa ndani huoza. Maliza kwa rangi na kisha vanishi, la sivyo mvua ya dakika kumi itarudisha kila kitu kuwa uji.

*Taa za fito na karatasi.* Hizi ni za msafara wa jioni, na ndizo ninazozipenda kuliko zote, kwa kuwa anayeanza na fundi wote wawili hutoa kitu chenye uzuri unaokaribiana. Loweka fito nyembamba mpaka zipinde bila kuvunjika, zifunge kwenye viungo kwa utepe wa gundi, anza na piramidi ndipo ufikie maumbo ya wanyama. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji kwa kiasi sawa, pakaza pande zote mbili za karatasi ya shashi, na ulaze vipande vikipandana kidogo. Ikikauka hujikaza kama ngozi ya ngoma. Acha kidirisha cha kuingizia mkono. Weka taa ndogo za betri na uache mishumaa: karatasi, upepo na watoto havikai salama karibu na moto.

*Kikaragosi kikubwa cha mgongoni.* Chukua fremu ya begi la mgongoni lenye mkanda wa kiunoni, funga bomba jepesi la plastiki au mwanzi mrefu, na juu yake weka kichwa cha kadibodi au sponji. Mwili uwe kitambaa kinachoning'inia, na mbele ya uso wa mbebaji pawe na wavu wa kuonea. Mikono ya kikaragosi ibebwe na watu wengine wawili kwa fimbo. Watu watatu sasa ni kiumbe kimoja, na watalazimika kupumua pamoja ili kitembee. Uzito wote usizidi kilo kumi kwa mtu mzima wa kawaida, na ukaze mkanda wa kiunoni ili nyonga zibebe mzigo badala ya mabega.

Kwa mavazi, anza na mwendo kabla ya kitambaa. Mwombe mvaaji acheze, tazama ni kiungo gani kinachosema zaidi, kisha refusha kiungo hicho. Peter Minshall, mbunifu mkubwa wa kanivali ya Trinidad, alijenga mavazi makubwa yanayopata uhai kutokana na mwili wa mchezaji: bega linapotikisika, bawa zima linaitika. Vazi linalopendeza likiwa limetundikwa na kumzuia mtu kuinua mikono halitufai.

Mambo ya usalama warshani ni machache na hayajadiliwi. Visu na gundi ya moto vikae meza yao yenye msimamizi. Mtu mzima mmoja asibaki peke yake na watoto. Ruhusa ya mzazi ya kushiriki iwe fomu moja, na ya kupigwa picha iwe nyingine.

Hatua ya 5: Toka nje mapema

Wiki tatu kabla, vipeleke vitu vyote nje kwenye upepo, hata kama havijapakwa rangi. Ndani ya ukumbi kila kitu kinaonekana chepesi. Nje, bango la mita mbili ni tanga. Toboa matundu kwenye mabango na bendera kubwa, au zichane ziwe tepe ndefu. Kikaragosi kirefu kifungwe kamba mbili za kushikwa pembeni, na mkubaliane mapema ni upepo wa namna gani utawafanya mkishushe. Kila mbebaji atembee nusu saa na mzigo wake. Anayechoka dakika ya kumi apewe mbadala na zamu zipangwe kwa majina.

Hatua ya 6: Muziki

Mwaka 1966 huko Notting Hill, London, Rhaune Laslett aliandaa sherehe ya mtaani kwa ajili ya watoto. Russell Henderson na wenzake, waliokuwa wakipiga ngoma za chuma za Trinidad, waliondoka mahali walipokuwa wakaanza kuzunguka mitaani, na watu wakawafuata. Muziki unaotembea huhamisha watu, muziki wa jukwaani huwasimamisha. Kwa hiyo tafuta wapigaji wanaoweza kupiga wakitembea, na ufungue warsha ya muziki wiki ileile unayofungua za ufundi.

Ngoma za chuma zenyewe zilizaliwa Trinidad kutokana na vyombo vya chuma vilivyotupwa, mapipa ya mafuta yakiwemo. Ndoo, madebe na mabomba yatatosha kwa kikundi kipya. Fundisha midundo mitatu tu: wa kutembea, wa kusimama na kucheza, na wa kuita na kuitikia. Filimbi ya kiongozi itoe ishara ya kubadilisha. Watu thelathini wanaopiga mdundo mmoja kwa uhakika wana nguvu kuliko kumi wanaojua kumi na kusitasita.

Vikundi viwili vya muziki visiwekwe karibu. Acha angalau mita hamsini, na vikaragosi na wacheza katikati, vinginevyo midundo itagombana na miguu ya kila mtu itapotea.

Hatua ya 7: Njia ya msafara

Mcheza kwao hutunzwa. Njia ipite mbele ya nyumba za waliotengeneza, hata kama barabara kuu inaonekana ya fahari zaidi. Kilomita moja hadi moja na nusu inatosha pale penye watoto na vitu vizito, na msafara unaocheza unaweza kutumia zaidi ya saa moja kuimaliza. Itembee mwenyewe ukiwa na kijiti chenye urefu wa kikaragosi kirefu kuliko vyote. Waya za umeme zinazoning'inia zikukatalie njia moja kwa moja. Matawi, kona kali, mitaro na miteremko viandikwe kwenye ramani, na kila kiongozi wa kikundi apewe nakala yake.

Watazamaji hawapaswi kubaki watazamaji. Panga sehemu mbili au tatu ambapo msafara unasimama, mdundo unabadilika, na waliopo kando wanapewa kitu mkononi: utepe, njuga, fimbo yenye ndege wa karatasi. Mkia wa msafara uachwe wazi kwa yeyote anayetaka kuungana, na pawe na wapiga ngoma wa kuwapokea.

Waongozaji wenye vizibao vinavyoakisi mwanga watembee pande zote mbili za kila kikundi. Acha upenyo wa gari la wagonjwa kwa njia nzima. Tangaza sehemu moja ya kukutania na watoto waliopotea. Tengeneza pia kona tulivu mbali na ngoma kwa wanaoelemewa na kelele, maana nao walikuwa warshani.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Washiriki wafike saa mbili kabla ya msafara kuanza. Mahali pa kukusanyikia pawe na kivuli, maji na vyoo, pamoja na meza ya ukarabati yenye utepe, waya, sindano, uzi na pini, na fundi mmoja aliyetulia. Sanduku dogo la vifaa hivyo litembee na msafara.

Kikundi chenye mwendo mdogo kuliko vyote, yaani wazee, watoto wadogo na viti vya magurudumu, kiwekwe mbele. Kikiwa nyuma, msafara utakatika vipande na wao watabaki wakikimbizana na pengo. Kiongozi wa mbele na wa nyuma wawe na simu au redio, na mmoja tu ndiye mwenye sauti ya kusimamisha wote. Mvua ikinyesha, uamuzi wa kuendelea, kuahirisha au kufupisha uwe umeshaandikwa, usizuke pale barabarani huku watu ishirini wakipaza sauti.

Msafara uishie mahali wazi ambapo watu wanaweza kuvua mizigo, kukaa na kuonyeshana walichotengeneza. Hotuba ziwe fupi, na kama kuna jukwaa, wapande waliofanya kazi.

Hatua ya 9: Baada ya msafara

Teua kikundi cha kusafisha njia ambacho hakikuandamana, kwa kuwa walioandamana watakuwa wamechoka kabisa. Barakoa na taa ziende nyumbani na waliozitengeneza. Vikaragosi vikubwa vivunjwe kwa uangalifu: fremu, mikanda, magurudumu na mabomba vihifadhiwe, karatasi itenganishwe na waya, vichwa viwili vitatu vitunzwe mahali pakavu kwa ajili ya kufundishia. Shule au maktaba iliyoshiriki ikiomba kukaa na samaki wenu, mpeni.

Ndani ya wiki mbili, kabla kumbukumbu hazijafifia, waite wote kwenye ukumbi uleule wa warsha. Wape picha zao, wasomee hesabu za fedha zilivyotumika, na waulize nani hakuonekana ambaye angepaswa kuwepo. Orodha ya majibu hayo mkabidhi yule mtu wa vikundi vya mtaani, aanze kuwatembelea.